Mjomba wa Gereji: Fundi anataka kutoa taa ya eabegi, na mteja anafika Jumapili

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Chumbageni, hapa hapa Tanga. Kazi yangu ni mapambo ya harusi: mahema, viti, taa, na gari ya maharusi. Gari yenyewe niliinunua miaka minne iliyopita kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye huagiza magari Japani. Ni gari ya spoti ya Kijerumani, ya mwaka 2006, milango miwili, viti viwili, na paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza kitufe. Nyeupe. Jina lake nimekuandikia pembeni pamoja na picha ya kadi, ila naomba usilichapishe. Tanga nzima ipo hiyo moja, kila mtu ataijua.

Mjomba, gari hii imenilisha. Naendesha mimi, bi harusi anakaa kiti cha abiria paa likiwa wazi, bwana harusi anafuata na gari ya nyuma (wameshazoea, hakuna aliyenuna bado). Matarumbeta yakitangulia kutoka Ngamiani mpaka Raskazone, watoto wenye baiskeli wanatufuata hadi baharini.

Mwezi uliopita iliwaka taa kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua. Ikagoma kuzima. Fundi wangu akachomeka mashine, akasema ni eabegi ya upande wa abiria, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Usiku nikakaa na simu, nikaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya waliotengeneza. Ikaniambia gari ina wito wa usalama, yaani waliotengeneza wanaiita irudi irekebishwe, ambao haujafanyiwa kazi: eabegi ya abiria, kifaa cha kuijaza hewa kinaweza kupasuka. Nilisoma mara tatu. Nikawa nawakumbuka mabibi harusi wote niliowabeba.

Nikampigia shemeji. Akacheka. Ati hayo ni mambo ya Wazungu, wanaogopa kivuli chao, gari imetembea miaka minne haijaua mtu, na hakuna gari duniani isiyo na wito. Fundi naye anasema tusijisumbue, kwa elfu thelathini anaitoa ile taa, dashibodi inabaki safi. Tena ananishauri niiuze mapema kwa sababu gari za aina hii ni za matatizo: ndani ya injini kuna beringi inayokufa ghafla, na maji yanaingia sakafuni. Hilo la maji ni kweli, naegesha chini ya mwembe na masika iliyopita zulia la upande wa abiria lililowa chapachapa na madirisha yakawa yanashuka yenyewe usiku.

Sasa mteja amepatikana. Ni kijana wa Moshi, anafika Jumapili ijayo na milioni ishirini na nane taslimu. Siku moja kabla yake, Jumamosi, anaolewa binti wa dada yangu, na gari hii ameiomba tangu mwaka jana. Mke wangu anasema nikimweleza mteja ukweli nitakuwa nimemwaibisha kaka yake, maana lazima ataulizwa nani aliyeileta. Mimi silali.

Nitoe taa? Nimuuzie kijana nikinyamaza? Na Jumamosi nifanyeje?

Mwenye Gari Nyeupe, Chumbageni

*

Marahaba, mjomba.

Tuanze na Jumamosi, hayo mengine yana nafasi. Binti wa dada yako asikae kwenye kiti kile. Akitaka picha, asimame nje ubavuni mwa mlango, maua juu ya boneti, injini imezimwa, apige mpaka achoke. Safari ya Raskazone ifanywe na gari lingine. Tanga hatukosi Alphard nyeupe ya kuazima, na mwaka huu nimeona bajaji iliyopambwa asumini mpaka juu, bi harusi akapendeza kuliko wa magari. Mwambie dada yako leo, usingoje Ijumaa usiku wakati hina imeshakauka.

Kwa nini nakuwa mkali namna hiyo? Kwa sababu ya maneno uliyoyasoma: kifaa kinaweza kupasuka. Wito mwingine nikiusoma huwa nakunywa kahawa kwanza. Huu unatoka kwenye familia ya wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, ule wa eabegi zilizotengenezwa na Takata ya Japani. Vifaa vilivyoitwa duniani vilizidi milioni 100. Toyota, Honda, BMW, Mercedes, mpaka Ferrari, wote walijikuta ndani. Marekani peke yake waliokufa walipita ishirini, na Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu, nayo ilizika watu. Takata yenyewe iliomba kinga ya ufilisi Juni 2017.

Shemeji anasema Wazungu wanaogopa kivuli. Hebu nikueleze kinachoogopwa. Nyuma ya dashibodi, mbele ya abiria, kuna kopo la chuma lenye umbo la tochi nene. Ndani mna vidonge vya kemikali iitwayo amonia naitreti, ndugu wa ile ya mbolea. Gari likigonga, vidonge vinawashwa, gesi inajaa kwenye mfuko kabla hujafumba jicho na kulifumbua. Shida ni kwamba kemikali hiyo inapenda maji. Wewe ni mtu wa pwani, unaijua chumvi iliyosahauliwa kwenye kikopo wakati wa masika: inalia, ikikauka inashikana, ukiigusa inamomonyoka. Vidonge vile navyo, joto la mchana na ubaridi wa usiku vikipokezana mwaka hadi mwaka, huvimba na kupata nyufa. Kidonge kizima huungua kwa mpango, kama gogo la mkoko. Kilichomomonyoka huungua kama vumbi la randa ukilimwaga jikoni, fuu, mara moja. Kopo halihimili. Linapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa cha mfuko vikimwelekea aliyekaa mbele yake. Watu wamekufa katika ajali ndogo ambazo wangeshuka na kuanza kugombana.

Wamarekani walipoanza kupanga nani arekebishiwe kwanza, walitanguliza majimbo na visiwa vya joto na unyevu, Florida, Hawaii, Puerto Rico. Magari ya kwenye baridi kavu yakangoja. Sasa gari lako limelala wapi miaka minne hii? Chumbageni, karibu na bahari, mchana jua, usiku umande. Shemeji anaitaja miaka minne kama ushahidi wa upande wake. Mimi naiona ni miaka minne ya kuviloweka na kuvikausha vile vidonge. Na kutembea salama hakukupi habari yoyote ya eabegi, maana yenyewe haifanyi kazi mpaka siku unapogonga.

Taa usiitoe. Hapa sina budi kujitaja. Nikiwa kijana, mwenye pikapu mmoja wa Pongwe aliniomba nimzimie taa ya oili iliyokuwa ikimkera. Nilimzimia, nikachukua hela yangu, nikaenda kula mihogo. Injini iligandia karibu na Segera usiku, ana mke mjamzito ndani. Walifika hospitali kwa lori la machungwa, mtoto akazaliwa salama, na yule bwana mpaka leo akiniona msikitini ananiita "daktari wa taa" mbele za watu. Tangu hapo taa sigusi.

Kuna na upande wa sheria, ambao fundi wako hataukumbuka siku utakapoitwa polisi Moshi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa vitendo jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu. Kunyamaza tu, mawakili wanaweza kubishana mpaka jioni. Lakini aliyelipa elfu thelathini ili taa isionekane, siku tano kabla mnunuzi hajafika, huyo atabishana nini?

Tena mkataze fundi asiifungue dashibodi, na zaidi ya yote asichomeke testa kwenye nyaya za eabegi. Umeme mdogo wa testa unaweza kuiwasha usoni mwake. Na asikuletee eabegi ya mtumba kutoka kwenye gari la kukatwa. Spea ile ina umri ule ule, pengine ina vidonge vile vile, halafu hujui ililala bandari gani.

Sasa hayo ya "gari za matatizo." Fundi wako amechanganya mambo matatu kwenye sufuria moja, ndiyo maana tumbo limekuchafuka.

Wito wa kiwanda si dalili ya gari baya. Mwaka 2010 Ferrari waliziita gari zao 1,248 za aina ya 458 Italia baada ya kadhaa kuungua. Walipochunguza wakakuta ni gundi! Gundi iliyoshika ngao ya joto ndani ya tao la gurudumu la nyuma ilikuwa ikizidiwa na joto. Gari la bei ya ghorofa, likateketea kwa sababu ya gundi. Wakaiondoa, wakafunga kwa vifungo vya chuma. Mwaka 2014 Porsche nao, gari mbili mpya za aina ya 911 GT3 zikaungua Ulaya. Chanzo kilikuwa boliti iliyolegea ya konrodi, ule mkono wa pistoni ndani ya injini. Waliwaambia wenye magari yote 785 wasiyaendeshe kabisa, wakawabadilishia injini nzima, kila mmoja. Leo 911 GT3 ya 2014 iliyobadilishwa injini inauzwa kwa heshima zake, na karatasi ya ule wito ndiyo mwenye nayo anaitangulizia mteja. Kwa hiyo shemeji kasema kweli nusu: magari mengi yameitwa. Tofauti yao na lako ni kwamba lako halijaitikia.

Beringi ni habari nyingine. Hiyo fundi ameisikia kwenye Porsche, Boxster na 911 nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka 2008. Kuna shafti ya kati inayozungusha minyororo ya kemshafti, zile zinazofungua valvu, na beringi inayoishika ikichakaa inaweza kuvunjika, valvu zikagonga pistoni, ukabaki na injini ya kuuza kwa kilo. Huo ni ugonjwa unaojulikana, lakini hapakuwa na wito wa kiwanda wa kuziita zote. Wenye magari walijilipia. Marekani walienda mahakamani, mwaka 2013 yakafikiwa maafikiano yaliyowafidia baadhi yao, wenye magari ya 2001 hadi 2005. Ugonjwa wa namna hiyo hutauona hata uingize chesisi mara mia, kwa sababu tovuti ya wito inaonyesha kile ambacho mtengenezaji amekubali kukirekebisha kwa gharama yake. Mengine yanajulikana gereji.

Gari lako si hilo, na beringi hiyo halina. Fundi amekutisha kwa maradhi ya jirani. Ila kipimo chake ni kizuri kwa gari lolote la spoti la umri huo, kifanye hata hivyo: akimwaga oili, akate kopo la filta, atoe ile karatasi, aitandaze juani juu ya gazeti. Ikiwa nyeusi tu, mshukuru Mungu. Ikimetameta kama magamba ya dagaa, kuna chuma kinaliwa ndani, usiiwashe tena mpaka ijulikane ni kipi.

Ama maji sakafuni, hayo usimsingizie Mjerumani. Gari la paa la turubai lina vifereji pembeni mwa paa vinavyopeleka mvua chini ya gari. Wewe umeniambia unapoegesha kuna mwembe. Maua ya mwembe na majani yakijaa pale, maji yanatafuta njia nyingine, na chini ya zulia ndiko kulikofichwa kisanduku cha umeme. Ndiyo maana madirisha yanashuka usiku yenyewe, si jini la Amboni. Fungua paa nusu, chungulia kwenye kona mbili za nyuma, pitisha waya laini wa plastiki taratibu mpaka uone maji uliyomimina yanatoka chini. Usipulize kwa kompresa, utachomoa mpira ndani, na hapo utavua kiti na zulia lote. Ni kazi ya nusu saa kabla ya kila masika na kabla ya vuli. Lianike zulia leo.

Turudi kwenye eabegi. Wito unafuata namba ya chesisi, haumfuati mwenye gari, kwa hiyo kununua mkono wa tatu hakujakufutia. Chapisha ule ukurasa wenye matokeo, tarehe ionekane. Piga picha kadi ya gari, namba ya chesisi iliyo chini ya kioo cha mbele, na kilomita zilizosomeka. Viambatanishe, umwandikie wakala wa kampuni hiyo Dar es Salaam, barua pepe, si simu. Uliza mambo mawili tu: kifaa kipya kinapatikana lini, na kukibadilisha ni bure? Akikujibu kwamba gari halikuuzwa na yeye, jibu ambalo wengi hulipata kwa magari ya mtumba, usianze kubishana naye. Mwandikie mtengenezaji mwenyewe Ujerumani na wale wa Japani lilikouzwa kwanza, nakala kwake. Nimeona watu wakinyimwa kwa mdomo kisha wakapewa kwa maandishi. Siku ya kulipeleka, lipandishe kwenye lori la kubebea magari. Tanga hadi Dar si karibu, na sitaki uniambie ulimpa lifti mtu Chalinze.

Kijana wa Moshi mpigie kabla hajapanda basi. Mwambie: gari lina wito haujafanyiwa kazi, ukurasa huu hapa, nimeshaandika barua. Anaweza kukuomba ungoje mpaka lirekebishwe, anaweza kupunguza milioni kadhaa akalifuatilia mwenyewe, anaweza kughairi. Akilichukua lilivyo, iandikwe kwenye mkataba wa mauziano kwamba ameoneshwa, asaini na tarehe. Hata pale sokoni Ngamiani, muuza ng'onda anayejiheshimu atakunong'oneza, "huyu wa jana, mwache." Nawe unamuuzia mtu kitu cha kumweka mkewe mbele.

Mkeo mtulize. Mteja haulizi ukoo wa gari, anauliza chesisi. Jina la kaka yake halina sababu ya kutajwa. Lakini mimi shemeji nina swali naye, muulize kwa upole mkiwa wawili: gari liliondoka Japani mwezi gani, mwaka gani? Nauliza kwa sababu kule, tangu Mei 2018, magari yenye zile eabegi za Takata za kundi la hatari zaidi yakiwa hayajarekebishwa hayapitishwi kwenye ukaguzi wa lazima. Gari ambalo haliwezi tena kutembea kwao linaweza kuuzwa nje. Huenda yeye mwenyewe aliuziwa mbuzi kwenye gunia na hajui. Kama analeta mengine, na wateja wake wengine ni wa hapa hapa mjini, aanze leo kupitia namba za aliowauzia. Hilo ndilo la kumwokoa na aibu.

Jambo la mwisho nimeliona kwenye picha ya kadi yako. Chesisi imechapwa na herufi O, mahali pa saba kutoka mwisho. Namba za tarakimu 17 hazina herufi O kabisa, wala I, wala Q, waliziacha makusudi zisifanane na sifuri na moja. Kwenye kioo nina hakika utakuta ni sifuri, na ndiyo uliyoingiza ukapata majibu. Wakala akiilinganisha barua yako na kadi ataona magari mawili tofauti, na atakuwa amepata sababu ya kukurudisha. Jumatatu asubuhi nenda TRA na kadi pamoja na nyaraka za kuingizia gari, wairekebishe. Ukitoka hapo, ingiza namba tena uone kama upande wa dereva nao umeitwa, kisha uniandikie.